Gari la Mikate

Tulilinunua kwa mwoka mikate wa Maweni.
Ubavuni limeandikwa MOTO KILA ASUBUHI,
rangi imechujuka. Thoya alitaka kuifuta.
Nikasema iache: mtu haanzi safari
kwa kufuta jina la aliyemlisha.

Rafu tumeng'oa kumi na moja, tumebakisha mbili,
ya vyungu na ya kuanikia.
Kitanda ni mlango wa nyumba iliyobomolewa Shela,
kitasa chake bado kipo, chanichoma mbavu;
nikigeuka usiku naona kama nitaufungua
nidondoke chumbani mwa watu.

Lakini gari ni kazi ya spana.
Tumbo ndilo halina fundi.

Mwaka mzima tumejizoeza, kwanza Jumanne tu,
kisha Jumanne na Ijumaa. Hapana,
Ijumaa ni biriani kwa dada yake Thoya,
na dada yake haulizwi.
Sharti: kisiwe kimepandwa, kisiwe kimenunuliwa.
Chumvi ruhusa.
Mafuta tuligombania wiki mbili.

Mwalimu wetu ni Mbodze, miaka kumi na mmoja,
hupitisha mbuzi nyuma ya karakana saa tisa.
Jani moja, shilingi kumi.
"Huu mchunga. Huu mnavu, tunda likiwa bichi usiguse.
Hii tunguja, hata yule beberu mjinga haigusi."
Nilipompa mia akanirudishia ishirini:
majani mawili, alisema, uliyajua,
ulikuwa unajifanya.

Nina daftari. Kunazi, nyuma ya kinu cha zamani.
Fuu, njia ya Kakuyuni, uwahi kabla ya watoto wa shule.
Mabungo, uchachu unaofika masikioni.
Ukwaju wa Ganda, hauna mwenyewe,
mstari huo nimeukata,
maana siku niliyokwenda na ndoo
alitoka mtu nyuma ya ua akiwa na hati mkononi.
"Ukwaju ni wa Mungu," nikamwambia.
"Kivuli ndicho cha Mungu.
Mti nimeununua pamoja na kiwanja."

Usiku tulitafuna makoma, tukahesabu nyua:
wa hoteli, wa chumvi, wa msitu,
wa mtu aliye Ulaya ambaye mlinzi wake hajawahi kumwona.
Nimekuja kujua kwamba pori
ni mahali ambapo mwenyewe hajafika bado.

Siku ya tisa ya jaribio kubwa nilikula hamri.
Naandika hapa kwa kuwa Thoya hasomi mashairi.
Hamri la jana, gumu, nyuma ya kibanda cha Mama Tabu.
Nililia kidogo,
si kwa hatia. Kwa iliki.

Mamangu alikuja kutazama gari, hakuingia.
"Sisi njaa tuliikimbia kwa miguu," akasema,
"nyinyi mnaifuata kwa petroli?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nilikuwa na mchunga jikoni, akaufunua,
akauonja kwa ncha ya kidole,
akamwaga maji yote uani.
"Mara mbili. Maji ya kwanza hayanywewi.
Mwaka ule tuliyanywa."
Akaujaza tena, akakaa juu ya jerikeni
mpaka ukachemka.

Giaboksi ilitoka Mombasa baada ya miezi mitatu.
Gari lilikaa juu ya mawe mvua yote,
na tulipolala chali kuifunga
tulikuta mchunga umeota chini ya injini,
mpana, laini, haujaguswa na mbuzi,
palipodondoka oili kidogo umepauka.
Thoya alikata upande safi kwa kisu cha kukatia nyaya.

Tukauchemsha. Maji ya kwanza nikayamwaga.
Mbodze alipita saa tisa, akanusa,
akauliza nani katuonyesha huo,
na anatudai shilingi ngapi.

Kesho tunaondoka. Au kesho kutwa,
breki ya nyuma inalia.